Orodha ya walimu itangazwe kwa haki

Mfanyabiashara anayekata kona Kikorongo kuelekea Bwera na mpaka wa Mpondwe humwachia mwalimu mtoto wake. Ana haki ya kujua mwalimu huyo ni nani. Nchini Kenya, Tume ya Huduma za Walimu (TSC) hutangaza majina ya waliofutwa katika daftari la walimu. Uganda na Kongo zifanye vivyo hivyo na kupashana habari, ili aliyefutwa upande mmoja asipewe darasa upande wa pili. Lakini tuhuma si hukumu. Jina litangazwe baada ya mwalimu kusikilizwa na rufaa kwisha. Aliyechelewa kazini asiwekwe orodha moja na aliyemdhuru mwanafunzi. Wafanyabiashara wanajua: jina likichafuka sokoni, kulisafisha ni kazi ya miaka.