Kipilefti Kipya: Aliye Nje na Apige Hodi



Naomba nafasi katika jarida letu niseme neno juu ya kipilefti kipya kilichojengwa pale njia panda ya maofisi, mahali ambapo barabara ya sokoni hukutana na ile iendayo hospitali. Tangu kifunguliwe, maneno mengi yamesemwa juu yake, ofisini na katika daladala, na mengi yao ni ya kuwadhihaki madereva. Mimi nina maneno ya kinyume. Nasema kwamba madereva wanaonewa. Fujo ya pale haikuletwa na upumbavu wa watu. Imeletwa na kazi iliyoachwa nusu, na walioiacha nusu ndio wapaswao kuulizwa.

Kwanza tuitazame fujo yenyewe, maana asiyeijua hali hawezi kuamua haki. Saa moja na nusu asubuhi, wakati makarani, walimu, wauguzi na wanafunzi wote wako njiani, magari huingia katika duara lile kutoka pande nne. Mwenye lori huingia bila kutazama, kwa kuwa gari lake ni kubwa. Mwenye motakaa ndogo ambaye yumo tayari ndani ya duara husimama ghafula ili ampishe aliye nje, kwa adabu, kama mtu ampishavyo mgeni mlangoni. Naye aliye nyuma yake, asiyetazamia kusimama huko, humgonga. Wa bodaboda atakaye kwenda kulia huona kuzunguka ni safari ndefu, basi hukata kulia moja kwa moja na kukutana na wenziwe uso kwa uso. Daladala husimama ndani ya duara lenyewe kupakia abiria. Mwisho huja askari wa barabara, akazuia upande mmoja dakika nyingi na kuuachia mwingine, hata duara likajaa kama gunia la karanga, asiweze mtu kuingia wala kutoka.

Wako wasemao: "Mnaona? Watu wetu hawayawezi mambo haya. Kipilefti ni kitu cha Ulaya. King'olewe, ziwekwe taa." Maneno haya nimeyasikia hata kwa watu waliosoma, na ndiyo yaliyonishikisha kalamu. Ni maneno mabaya kwa sababu mbili: si ya kweli, tena yanamwondolea lawama yule anayestahili kulaumiwa.

Si ya kweli, kwa kuwa habari za vipilefti zajulikana. Mwaka 1905 mji wa New York uliamuru magari yazunguke upande mmoja tu katika duara la Columbus Circle. Mwaka 1907 Paris ikafanya vivyo hivyo katika duara lake kuu la Étoile. Kadiri ya mwaka 1909 Waingereza wakajenga la kwao katika mji wa Letchworth. Je, watu hao waliyajua mambo haya mara moja? La, hasha. Kwa muda wa miaka zaidi ya 50 Waingereza walizunguka na kuzunguka bila sheria moja thabiti ya kuamua nani atangulie, aingiaye au aliyemo. Magari yalipozidi kuwa mengi, vipilefti vyao vilifungana, gari likizuia gari, sawasawa na chetu. Ilikuwa Novemba 1966 ndipo sheria ilipowekwa, kwamba aingiaye ampishe yule atokaye upande wake wa kulia, yaani aliyekwisha kuwamo.

Marekani nako, katika maduara mengi ya zamani, nafasi ilikuwa ya aingiaye. Maduara yakajaa na kufungana, watu wakayachukia, na ujenzi wake ukakaribia kukoma. Vipilefti vya namna mpya, vyenye sheria ya kumpisha aliyemo, vilianza kwao mwaka 1990 katika jimbo la Nevada. Wafaransa walikuja katika sheria hiyo miaka ya 1980, na hata leo duara lile la Étoile limebaki na desturi ya zamani ya kumpa nafasi aingiaye, na mgeni apitaye pale hushika usukani kwa hofu.

Basi walichokosa watu hao hakikuwa akili. Walikosa sheria iliyo wazi. Waingereza wa mwaka 1967 walikuwa ni wale wale wa mwaka 1965. Kilichobadilika ni kwamba sasa kila mmoja alijua zamu yake. Amwambiaye dereva wetu kwamba ameshindwa kwa sababu ya alivyozaliwa, na asome kwanza habari hizi.

Sasa tujitazame sisi wenyewe. Jina lenyewe la kipilefti ni ushahidi. Limetoka katika maneno mawili ya Kiingereza yaliyokuwa yakiandikwa kibaoni, yenye maana ya "shika kushoto". Watu wakakisoma kibao, wakakipa kitu kizima jina la kibao chake. Ni jina zuri, lakini latufundisha nusu ya sheria tu. Latuambia tuzunguke upande gani; halituambii nani atangulie. Na nusu ile iliyosazwa ndiyo iletayo maumivu. Sheria yenyewe tunayo: katika nchi yetu gari hushika kushoto, na aingiaye kipileftini humpisha atokaye kuliani kwake. Haikufichwa. Ila pale njia panda ya maofisi haikuandikwa mahali popote. Hapana kibao cha kumwonya dereva kabla hajafika, hapana mstari wa kusimamia uliopakwa rangi, hapana mshale. Mtu atalifuataje neno ambalo hakuambiwa?

Tena si sheria ngumu. Twaweza kuifundisha kwa desturi yetu wenyewe. Aliye nje ya nyumba hupiga hodi, akangoja akaribishwe. Aliye ndani hapigi hodi katika nyumba aliyomo. Basi kipilefti ni nyumba yenye milango minne. Aliye nje na apige hodi, yaani apunguze mwendo na kutazama kulia. Akiona pana nafasi, hiyo ndiyo "karibu" yake. Aliye ndani asisimame kwa adabu isiyo mahali pake, bali aendelee, na akikaribia mlango wake wa kutokea atoe ishara ya kushoto ili wanaongoja wajue. Na kama njia ya kutokea imejaa magari, aliye nje asiingie, maana nyumba iliyojaa haiongezwi wageni. Maneno hayo mafupi mtoto wa darasa la tatu huyaelewa.

Wale watakao king'olewe na wajue watakachopoteza. Mainjinia wamehesabu mahali ambapo njia za magari huweza kukutana na kugongana. Katika njia panda ya kawaida yenye barabara nne, mahali hapo ni 32. Katika kipilefti cha mstari mmoja ni 8 tu. Mwaka 2000 ilitolewa hesabu ya njia panda 24 za Marekani zilizogeuzwa kuwa vipilefti: ajali zote zilipungua kwa asilimia karibu 40, na ajali za kuumiza watu kwa asilimia 76. Sababu yake si uchawi. Katika njia panda gari humpiga mwenzake ubavuni, au huonana uso kwa uso, nayo yote mawili yana mwendo mkali. Katika duara wote huelekea upande mmoja, tena polepole, hata mtu akikosea huharibu bati asivunje shingo. Na taa zisifiwazo hazina nguvu umeme ukikatika, duara halikatiki.

Lakini faida hizo hazipatikani kwa jina tu. Duara pana linalomruhusu dereva kupita bila kupunguza mwendo halimlindi mtu, hasa aendaye kwa miguu na mwenye baisikeli. Na hapa ndipo lilipo shitaka langu kubwa. Katikati ya kipilefti chetu pamepandwa majani na maua mazuri, na kila jioni hunyweshwa maji. Fedha ya maua ilipatikana. Fedha ya ndoo ya rangi haikupatikana. Waliokijenga walidhani wanaujengea mji pambo. Kivuko cha watu hakuna hata kimoja, wakati kilitakiwa kiwepo katika kila barabara, nyuma kidogo ya duara kwa kadiri ya urefu wa gari moja, pamoja na kisiwa kidogo katikati ili mtu avuke nusu nusu. Wagonjwa waendao hospitali, mama wenye watoto mgongoni, na sisi makarani wenye majalada kwapani, twavuka kwa kukimbia. Tarishi mmoja wa kwetu, mtu mzima mwenye miaka mingi ya utumishi, aligongwa pale akipeleka barua, akavunjika mguu. Watu wakasema, "Ajali haina kinga."

Wenzangu, methali hiyo ni nzuri ya kumfariji aliyefiwa. Haifai kuwa jawabu la ofisi. Shirika la Afya la Dunia lilitoa taarifa mwaka 2023 kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao 1,190,000 waliuawa barabarani duniani kote, na karibu moja katika kila tano ya vifo hivyo ilitokea katika kanda yake ya Afrika, ingawa magari yetu ni machache kuliko ya wengine. Kama ajali ingekuwa haina kinga, vifo vingefuata wingi wa magari. Havifuati. Basi kinga ipo, na wenye kuitumia wanapona.

Liko na jambo jingine linalotuhusu sana kama chama. Madereva wa Serikali ni wanachama wenzetu. Mmoja wao alisimama ndani ya duara kumpisha mwenye gari la wagonjwa aliyekuwa akiingia, akagongwa nyuma. Ofisi yake, ambayo siitaji, ilimtaka aandike barua ya kujieleza ndani ya siku 7, na jawabu alilopewa lilikuwa neno moja: uzembe. Nauliza, uzembe wa nani? Aliyekabidhiwa gari bila kuambiwa sheria ya mahali, au aliyefungua mahali bila kuweka sheria? Haifai kabisa mnyonge akatwe mshahara kwa deni la mkubwa.

Wala simlaumu askari wa barabara, ambaye hupigwa na jua kwa ajili yetu. Lakini kipilefti ni kama saa: hujiendesha chenyewe, na ukiushika mshale wake kwa kidole hutaupata wakati wa kweli. Jirani zetu wa Nairobi wamekaa miaka mingi na vipilefti vinavyoongozwa kwa mikono ya askari katika barabara ya Uhuru Highway, hata mwaka 2015 serikali ya kaunti ikaweka mapipa barabarani kuwazuia madereva wasikate kulia katika vipilefti hivyo. Kipilefti kisichomruhusu mtu kuzunguka si kipilefti tena. Tusingoje kufika huko. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo natoa shauri kwamba Halmashauri ya chama chetu iwaandikie barua wenye mamlaka ya mji, iseme mambo manne kwa lugha ya heshima isiyopindapinda.

Kwanza, vibao viwekwe katika kila barabara kabla ya duara, vyenye alama na maneno ya Kiswahili yasemayo "Mpishe atokaye kulia", na mistari ipakwe rangi.

Pili, vivuko vinne vya watu vifanywe, na mwendo wa magari upunguzwe hapo. Kilomita 50 kwa saa, ambazo sheria yaruhusu mjini, ni nyingi mno mahali ambapo watoto huvuka, 30 zatosha.

Tatu, kwa muda wa mwezi mmoja askari wasimame pembeni, si katikati, wawe walimu kwanza na washitaki baadaye. Kituo cha daladala kihamishwe mbali na duara, na viongozi wa bodaboda waitwe waelezwe.

Nne, mpaka hayo matatu yametimizwa, asihukumiwe mtumishi yeyote kwa uzembe katika mahali pale kabla ya kuulizwa kama sheria ya mahali ilikuwa imeandikwa.

Nasi wanachama tusikae tukingoja barua ijibiwe. Kila mmoja amfundishe dereva wake, jirani yake na kijana wake mwenye pikipiki maneno yale mafupi: aliye nje na apige hodi, aliye ndani na apite. Yakizoeleka vinywani yatazoeleka mikononi. Rangi na vibao ni wajibu wa wakubwa, nao tutawadai. Lakini neno hili halina gharama wala halihitaji sahihi ya mtu.

Mkutano wetu ujao ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Naomba jambo hili liandikwe katika ajenda, na tarishi wetu, ambaye sasa hutembea kwa mkongojo, aitwe aseme mbele yetu. Baada ya kumsikia yeye, atakayesimama kusema kwamba maua yatosha, na asimame.

Wasalaam,

Ni mimi,
Karani Aendaye kwa Miguu