Apu Kubild Si Apu Kuhama

Wasee, acha niseme mapema tusipotezeane muda. Mteja akitaka umtolee apu yake Xamarin uipeleke .NET MAUI, na hiyo apu inatumia vihisi vya simu, usifanye bure. Hata kama ni binamu yako. Hata kama amesema "si ni apu ile ile tu?"

Na nikisema kodi hapa chini naongelea msimbo wa programu, si ile ya landilodi wala ya KRA. Ingawa zote ukizichelewesha unajua kitakachokupata.

Kwa wale hawajui stori: Xamarin ilikuwa njia ya Microsoft ya kuandika apu mara moja kwa C# ikaingia Android na iPhone. MAUI ilitoka 2022 kuchukua nafasi yake, na tarehe 1 Mei 2024 Microsoft wakaacha kuihudumia Xamarin kabisa. Utasikia mtu, "lakini yangu bado inafanya." Sawa, inafanya. Shida ni Play Store. Google hutaka apdeti zilenge Android ya karibuni, na mwisho wa Agosti 2025 kiwango cha apu za simu kilipanda hadi API 35, yaani Android 15. Xamarin iliishia API 34. Apu yako iko hai lakini kurekebisha hata kitufe kimoja ukapakia upya, huwezi.

Kodi yenyewe inabadilika kidogo, na hapo ndipo inakudanganya. Zamani uliita Accelerometer.Start kutoka Xamarin.Essentials. Sasa unaandika Accelerometer.Default.Start, na maktaba inaitwa Microsoft.Maui.Devices.Sensors. Tafuta, badilisha, inabild bila laini nyekundu, unapiga skrini unamtumia mteja WhatsApp.

Manze, kazi hata haijaanza. Emuleta ya Android ina vihisi vya kubuni na inakukubalia kila kitu. Simu za mtaani hazina huo upole. Nyingi za bei ya chini hazina jairoskopu, zingine hazina hata dira. Usipouliza IsSupported kwanza, ukiita Start kwa simu kama hiyo inatupa kosa, na usipolidaka apu inazimika usoni pa mtu. Halafu kuna ruhusa. Kuanzia Android 10, kihesabu hatua cha simu kinataka mwenye simu akubali ACTIVITY_RECOGNITION. Kuanzia Android 12, ukitaka data ya akselerometa zaidi ya mara 200 kwa sekunde, lazima utangaze HIGH_SAMPLING_RATE_SENSORS kwa manifesti. Apu iliyolenga Android ya kitambo haikusumbuliwa na haya. Ukihama, sheria za miaka yote zinakuangukia siku moja.

Na wale wajanja wa "mimi naandika upya kwa Flutter," sikatai, lakini angalieni vipimo. Xamarin na MAUI hupima mwendo kwa G, kwa hivyo simu ikilala mezani inasoma karibu 1. Paketi ya sensors_plus ya Flutter inatumia m/s², vile tulisoma Fizikia. Simu ile ile, meza ile ile, inasoma karibu 9.8. Sasa fikiria kodi yako ilisema ikizidi 1.3 hiyo ni mtikisiko wa hatua. Umehama na hiyo 1.3 bila kuigusa. Simu imelala, mwenyewe amelala, na kila usomaji umepita kiwango. Hakuna kosa litaonekana popote. Ni namba za uongo tu, na kuna mtu aliyeambiwa na daktari atembee anaziamini.

Ndio maana mimi naona jaribio la kweli ni la miguu. Kabla hujafuta apu ya zamani, tembea hatua 100 ukizihesabu kwa mdomo, uandike imesema ngapi. Rudia na mpya kwa simu hiyo hiyo, mfuko huo huo. Kisha azima simu tatu za bei rahisi urudie. Kisha panda matatu, keti, pita matuta, uone imekuhesabia hatua ngapi ukiwa umekaa. (Makanga atakuangalia vibaya, zoea.) Hizo ni siku, ni nauli, ni bando. Video za mafunzo huishia pale kwa kubild kwa sababu kutembea hakupendezi kwa skrini.

Mimi niliacha chuo, sina cheti cha kuonyesha mtu. Mteja ananipima kwa kama apu ilihesabu vizuri wiki moja baada ya kulipa, basi.

Ukiandika ankara, weka kubadilisha kodi kwa mstari mmoja na kujaribu kwa simu halisi kwa mstari mwingine, kila mmoja na doo yake. Akikata huo wa pili, ni haki yake. Mtumie ujumbe ulioandika ni vihisi gani havikujaribiwa na kwa simu zipi, ungoje ajibu "sawa" kabla hujapakia chochote.