Chungu cha utafiti kikiiva, nani atapakua?

Wahenga walinena kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Yeyote aliyepikia kuni anajua kwamba mafiga sharti yawe matatu, la sivyo uji utamwagika motoni. Utafiti wa Ukimwi nao ni chungu cha aina hiyo. Figa la kwanza ni la umma, yaani serikali, vyuo vikuu na hospitali zake. La pili ni kampuni za dawa na wakfu za kibinafsi zenye fedha. La tatu, ambalo aghalabu husahauliwa, ni wananchi wanaokubali kutoa damu yao ichunguzwe. Leo nataka tuulizane: chungu hicho kikiiva, nani atapakua na nani atakula?

Tuanzie papa hapa Nairobi, mtaani Majengo, Pumwani. Katika miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walikuwa wakiwachunguza wanawake waliojipatia riziki kwa biashara ya ngono. Wengi wao waliambukizwa virusi vya Ukimwi. Lakini baadhi yao walikaa miaka mingi bila kuambukizwa, ingawa walikabiliwa na virusi hivyo mara kwa mara. Damu yao ilipochunguzwa, baadhi yao walipatikana na chembechembe za kinga zilizoweza kuzitambua na kuziua chembe zilizovamiwa na virusi.

Ugunduzi huo ulichangia wazo la chanjo. Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, kilishikana mikono na Nairobi, nalo shirika lisilo la kiserikali la IAVI likaleta fedha. Mwaka wa 2001 Wakenya wa kwanza waliojitolea walidungwa sindano ya majaribio hapa Nairobi, kazi ikiongozwa na Profesa Job Bwayo na wenzake.

Hata hivyo, kabla ya sindano hiyo palizuka mgogoro. Mwaka wa 2000 ilijulikana kwamba hati ya kumiliki uvumbuzi huo ilikuwa imeombwa Uingereza bila watafiti wa Kenya kutajwa. Wasomi wetu hawakunyamaza. Walilalamika, mazungumzo yakafanywa, na baadaye ikaafikiwa kwamba Nairobi nayo iwe na sehemu yake. Ama kweli, mali bila daftari hupotea bila habari.

Pengine utauliza, chanjo yenyewe ilifikia wapi? Mwaka wa 2004 ilitangazwa kwamba ni wachache tu miongoni mwa waliodungwa ambao miili yao ilionyesha dalili ya kujenga kinga, na chanjo hiyo ikaachwa. Je, jasho lote lilimwagika bure? Hasha! Zilibaki maabara, na wakabaki madaktari, wauguzi na wataalamu wa maabara waliokwisha kuijua kazi.

Tazama basi yaliyofuata. Kuanzia mwaka wa 2008, wachumba na mume na mke 4,747, ambapo mmoja alikuwa na virusi na mwenzake hana, walishiriki utafiti mwingine nchini Kenya na Uganda. Kwetu ulifanyiwa Nairobi, Thika, Kisumu na Eldoret. Wakfu wa Bill na Melinda Gates ulitoa fedha, kampuni ya Gilead ikatoa dawa, Chuo Kikuu cha Washington kikaratibu, nao watafiti wetu wakafanya kazi mashinani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2012 yalionyesha kwamba kidonge cha kila siku kilimpunguzia asiye na virusi hatari ya kuambukizwa kwa asilimia 67 hadi 75, kutegemea aina ya kidonge. Mwaka wa 2017 serikali yetu ilianza kusambaza dawa hiyo ya kinga kote nchini.

Halafu ikaja sindano ya lenacapavir, inayodungwa mara mbili tu kwa mwaka. Katika utafiti uliofanywa Afrika Kusini na Uganda, wasichana na wanawake 2,134 waliidungwa, na matokeo ya mwaka wa 2024 yalionyesha kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyeambukizwa. Lakini Marekani ilipoidhinisha sindano hiyo mwaka wa 2025, bei yake huko ilitangazwa kuwa zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka. Mwananchi wa Kayole angezitoa wapi?

Hapo ndipo mapatano yanapoonyesha nguvu yake. Mnamo Oktoba 2024, Gilead iliziruhusu kampuni sita kutengeneza dawa hiyo kwa bei nafuu kwa ajili ya nchi 120, Kenya ikiwemo. Mwaka wa 2025 ilitangazwa kwamba bei hiyo itakuwa takriban dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027. Lakini Brazil, Argentina, Mexico na Peru hazikutiwa katika orodha hiyo, ilhali raia wao walikuwa wamejitolea katika utafiti wa sindano iyo hiyo! Walisaidia kuinjika chungu, kisha wakati wa kupakua wakaambiwa sahani zimekwisha.

Ndiposa nasema kwamba ushirikiano wa serikali na kampuni ni jambo jema, na bila huo tusingepata vidonge wala sindano. Lakini mgawo wa chakula uandikwe kabla moto haujawashwa.

Nawe mwanafunzi wa chuo, au mzazi ambaye mwanao ameombwa ajitolee, usikimbie wala usikubali upesi. Isome fomu ya idhini hadi mwisho, kisha uliza: Nikiumia, nani atanitibu? Naweza kujiondoa nikitaka? Dawa ikifaulu, itanifikia mimi na jirani zangu, kwa bei gani? Mtafiti mwaminifu hatakasirishwa na maswali hayo. Na anayejitolea asichekwe mtaani, kwani bila yeye chungu hakikai.

Tukutane Jumapili ijayo, inshallah.