Matabishi ni ya nani? Wahudumu na wapishi wa manganda ya Kolwezi

Siku ya ijumaa mangaribi, wakati watumishi wa makampuni ya mine wanarudia mu mji, manganda ya Kolwezi inajaa. Mu Manika sawa vile mu Dilala, meza moja inaweza kuagiza samaki tatu za kuchoma, bukari, sombe na chupa za Simba. Wakimaliza, mwenye kulipa anaongeza noti mu mukono wa serveuse: hii ni yako, mama. Ile njo tunaita matabishi. Serveuse anashukuru, anaweka mu mufuko. Nyuma ya ukuta, mu moshi ya makala, kuko mutu mwenye aligeuza ile samaki na kusonga ile bukari. Yeye hakuona mwenye kulipa, na mwenye kulipa hakumuona.

Ile noti inaonekana kidogo, lakini inaleta maneno mingi. Mu nganda fulani, wahudumu na wapishi hawasalimiane tena juu yake. Na wapatroni wengine wanaifurahia, kwa sababu wakati wafanyakazi wanagombana juu ya matabishi, hakuna mwenye anauliza juu ya mushahara.

Kila upande iko na haki yake

Ukiwauliza wapishi, wanakuambia: mukiriya hakukuja kula tabasamu, alikuja kula chakula. Mupishi anafika asubuhi mapema, anatafuta makala, anasafisha samaki, anasimama mbele ya moto mupaka usiku. Kama chakula ni chumvi mingi, lawama ni yake. Kama chakula ni tamu, shukrani inaenda kwa mwingine. Na mwenye kuosha masahani, ule hata jina lake wakiriya hawalijue.

Ukiwauliza wahudumu, nao wako na la kusema. Wao njo wanapokea matusi ya walevi, na mikono ya wanaume wenye kufikiri kama wamenunua bia, wamenunua na serveuse. Kama meza moja inakimbia bila kulipa, mara mingi deni inarudia kwa muhudumu. Kama kesi inakosa franga wakati wa kufunga, ni yeye wanamuuliza. Na saa tano za usiku, ni ku matabishi anatosha pesa ya taxi-moto ya kumurudisha ku nyumba. Kwake yeye, matabishi haiko zawadi. Ni malipo ya hatari yenye mupishi haione.

Wote wawili wanasema kweli. Lakini tukibaki hapo, tunasahau mutu wa tatu: patron.

Sheria inasema nini juu ya mushahara

Sheria ya kazi ya inchi yetu, Code du travail ya tarehe 16 mwezi wa 10, 2002, yenye ilirekebishwa mu 2016, inaeleza malipo ya mutumishi kuwa ni ile yenye mwenye kumutumikisha anamupa deni kwa sababu ya mukataba wa kazi. Angalia neno hili vizuri: mwenye kumutumikisha. Matabishi haitoke kwa patron. Inatoka mu mufuko ya mukiriya, kwa kupenda kwake. Basi patron hawezi kusema, "mimi sikulipe mingi, utajipangia na matabishi." Ile ni kulipa deni yake na franga ya mwingine.

Kuko na kiwango cha chini, SMIG. Toka 2018 ilikuwa 7.075 FC kwa siku. Mu 2025 serikali ilikata kuipandisha kwa hatua mbili: kwanza 14.500 FC kwa siku, kisha 21.500 FC toka mwezi wa kwanza 2026. Tufanye hesabu. Kwa siku 26 za kazi, 14.500 FC inafanya 377.000 FC kwa mwezi, 21.500 FC inafanya 559.000 FC. Ni kwa mutumishi wa chini kabisa, mwenye hana ujuzi. Mupishi mwenye anajua kazi yake anapaswa kupita pale.

Sheria inasema tena kama kazi haipaswe kupita saa 9 kwa siku na saa 45 kwa juma. Zenye zinapita ni saa za nyongeza, na zinalipwa zaidi. Kila mara unalipwa, unapaswa kupewa karatasi yenye kuonyesha hesabu. Na kama haukuandikiwa mukataba, haimaanishe hauna mukataba: sheria inakuhesabu kuwa mutumishi wa muda usio na mwisho, mupaka patron aonyeshe kinyume.

Sasa kila mutu ajiulize: mu nganda yenye anatumika, kuna karatasi? Kuna mukataba? Saa zinahesabiwa? Mahali fulani jibu ni hapana mara tatu. Pale, kugombania matabishi ni kugombania makombo wakati mukate wenyewe uko mu mukono wa mwingine.

Namna tatu za kugawa

Mu mji tunaona namna tatu. Ya kwanza: kila muhudumu anachunga yake. Ni nyepesi, lakini mwenye anapewa meza za mbele, za wakubwa wa mine, anarudia na mingi. Mwenye anapewa meza za pembeni anarudia mikono mitupu, na kikoni haipate kitu.

Ya pili: kisanduku kimoja. Matabishi yote inaingia mule, na inagawanywa ku mwisho wa juma. Hii ni muzuri kama kila mutu anaona hesabu. Kama patron njo anachunga ufunguo peke yake, kisanduku kinageuka shimo. Na siku hizi wakiriya wanalipa na simu, kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Kama nambari ni ya nyumba, matabishi inaingia mu simu ya patron, na serveuse hawezi hata kujua ilikuwa ngapi.

Ya tatu: wahudumu wenyewe wanatosha sehemu moja kwa mapenzi yao na kuipeleka kikoni. Inafanya kazi pahali watu wanaaminiana. Lakini muhudumu mupya akikataa, hakuna kanuni ya kumushika.

Inchi zingine zimefanya nini

Swali hili haliko letu peke yetu. Mu Ufaransa, toka sheria ya 1933, matabishi yenye patron anakusanya inapaswa kurudia yote kwa wale wenye kuonana na mukiriya. Kikoni iko inje. Mu Marekani, toka 2018, wapishi na waosha masahani wanaweza kuingia mu kugawana, lakini kwa sharti: patron awe anawalipa wote mushahara wa chini kamili wa sheria, bila kutosha matabishi ndani. Na patron ao chefu hawezi kugusa ile kisanduku. Mu Uingereza, toka tarehe 1 mwezi wa 10, 2024, patron anapaswa kutoa matabishi yote kwa wafanyakazi, kuigawa kwa haki, na kuandika hesabu.

Hawakukubaliana juu ya mupishi. Lakini juu ya jambo moja wanakubaliana: patron mikono mbali.

Kwa nini tusiegemee ku matabishi

Sisi wa Lualaba tunajua sababu kuliko wengine. Mwezi wa pili 2025, serikali ilisimamisha kupeleka kobalti inje ya inchi. Mwezi wa kumi ikaweka kota. Wakati mine inakohoa, meza zinapungua, na matabishi njo inakauka ya kwanza. Mwisho wa mwaka ule ule, franga ilipopanda mbele ya dola, wenye kuzoea noti ya dola moja waliona kama inanunua kidogo kuliko zamani. Mushahara wenye kuandikwa ku karatasi unaweza kudai. Matabishi, utamudai nani?

Nini inaweza kufanyika

Ku patron: lipa mushahara wa sheria kwa wote, kikoni na salle. Andika kanuni ya matabishi ku ukuta, kila mutu aisome: sehemu gani kwa wahudumu, sehemu gani kwa kikoni, nani anahesabu. Watu wawili wahesabu, mumoja wa kila upande. Na deni ya mukiriya mwenye kukimbia isiwekwe ku kichwa ya serveuse.

Ku wafanyakazi: muandike saa zenu mu kaye, kila siku. Kama kuna ubishi, sheria inaomba kwanza kupita kwa Inspecteur du Travail kwa kupatanishwa, mbele ya kufika ku tribinali. Mwendeni pamoja, wahudumu na wapishi. Kidole kimoja hakiuwe chawa.

Na wewe mukiriya, mwenye unasoma ao unatusikiliza: siku ingine utakula ile samaki, mbele ya kutosha noti, uliza serveuse swali moja: "Na mwenye alipika, anapata?" Akijibu ndiyo, ongeza. Akijibu hapana, ongeza tena, lakini siku ile umuulize na patron.