Gari la Vita Likarabatiwe kwa Ukweli

Wapo watu wanaodhani kwamba kukarabati gari la zamani la jeshi ni mchezo wa wenye fedha na nafasi. Kwao yatosha kulipaka rangi ya kijani, kulichora nyota nyeupe na kulitia injini yoyote itakayowaka. Dhana hiyo haina budi kupingwa, hasa na walimu na watumishi wa umma, ambao ni watunzaji wa kumbukumbu za taifa.

Mfano ulio wazi ni gari la Jeep la Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kati ya mwaka 1941 na 1945 viwanda vya Willys na Ford huko Marekani viliunda magari hayo zaidi ya 600,000. Ramani yake ilikuwa moja, ili kipuri cha gari la kiwanda kimoja kilifae gari la kiwanda kingine. Hata hivyo, Ford ilipiga chapa ya herufi F katika vipuri vyake vingi, hata katika vichwa vya bolti. Magari ya kwanza ya Willys yalikuwa na kinga ya rejeta iliyoungwa kwa vipande vya chuma, na baadaye ikatumika ile ya bati lililokatwa kwa mashine. Umeme wake ulikuwa wa volti 6. Vita vilipokwisha, mengi yaliuzwa kwa raia, yakafungwa vipuri vya miaka ya baadaye na umeme wa volti 12.

Yuko atakayeuliza: bolti isiyo na herufi F italizuia gari kwenda? Hapana, haitalizuia. Lakini gari la kumbukumbu si chombo cha usafiri tena, ni hati. Karani wa masjala akikuta neno limefifia ndani ya jalada, haruhusiwi kuandika lake alipendalo. Fundi naye hana ruhusa hiyo.

Jambo hili linawahusu Waafrika moja kwa moja. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na askari kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ilipigana huko Burma katika Bonde la Kabaw, katikati ya mvua, matope na malaria. Askari hao walitumwa na wakoloni katika vita ambavyo hawakuvianzisha. Leo karibu wote wamekwisha kufariki dunia. Vyuma ni miongoni mwa mashahidi wachache waliobaki.

Alama ya divisheni hiyo ilikuwa kichwa cha kifaru. Gari lililotumika nayo likichorwa nyota peke yake kama magari ya sinema, mwana wa Afrika anafutwa katika historia kwa brashi ya rangi. Lakini kulichora kifaru gari ambalo halikufika Burma ni uongo vilevile, hata kama nia ni njema. Historia ya Afrika haihitaji kuazima heshima kwa kughushi.

Ukweli huo unadai akili, si ukaidi. Vitani karakana za jeshi zilifunga kipuri kilichopatikana, kwa hiyo gari la Willys lenye bolti za Ford laweza kuwa linasema kweli tupu. Fundi asikimbilie kung'oa, achunguze kwanza. Kila kinachoondolewa kihifadhiwe na kuandikwa. Kipuri cha asili kisipopatikana, kitengenezwe kingine kwa kufuata kipimo cha kile cha zamani, kisha kitiwe alama ya mwaka wa sasa, ili kizazi kijacho kisidanganyike.

Kazi hiyo ingefaa sana kufundishwa katika shule za ufundi. Kijana atajifunza chuma, umeme na historia kwa pamoja, na zaidi ya yote atajifunza uaminifu katika mali ya umma. Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Anayekarabati anao wajibu wa kuonyesha viliundwa na nani, lini, na vilimbeba nani.