Na ya Kutoa, Analipa Nani?
Kuanzia Machi 2020 hadi mwisho wa mwaka huo, kutuma hadi shilingi 1,000 kwa simu hakukuwa na makato, ili tupunguze kushikana noti msimu wa korona. Ilikuwa poa sana. Lakini kutoa bado kunakatwa, na hapo ndipo mama mboga anaumia: unamtumia 200, anapanga foleni kwa ajenti, anakatwa, kisha anashika zilezile noti tulizokuwa tukizikwepa. Sisi wenye kampuni tunafaidika na hiyo ada, kwa hivyo hatutakuhubiria sana. Tunaomba tu: wauzaji wa jumla, mkubali awalipe kwa simu, pesa isihitaji kutolewa. Na wewe mteja, kama lazima atoe, mwongezee ya kutoa.