FEDHA NA HESABU ZAKE: Rupia Iliyopanda Bei

Katika soko la Katito, kama katika masoko yote ya Nyakach, shilingi hupita mikononi mwa watu bila mtu kuuliza ilikotoka. Kabla yake palikuwa na fedha nyingine, nayo ni rupia ya Bara Hindi. Kuondoka kwake kulileta hesabu ambayo yafaa kila mkulima na kila karani aijue, kwa kuwa hesabu ya namna hiyo hurudi tena na tena kwa jina jingine.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na rupia ikaenea pamoja nayo. Mwaka 1905 iliamriwa kwamba rupia 15 ni sawa na pauni 1 ya Kiingereza. Yaani rupia 1 ilikuwa shilingi 1 na peni 4, na peni 12 zilifanya shilingi moja. Rupia iligawanywa kwa senti 100, nazo senti ndogo zilikuwa na tundu katikati, hata mtu aliweza kuzitunga katika kamba. Kima hicho kilidumu miaka mingi, na watu wakadhani kwamba hakiwezi kubadilika.

Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918 vilivuruga mambo. Rupia ilikuwa sarafu ya madini ya fedha, na bei ya madini hayo ilipanda sana ulimwenguni, huku pauni ikipungua nguvu. Mwanzoni mwa 1920 rupia moja ilikuwa imepita shilingi 2 na peni 8. Serikali ikakata shauri mwaka huo kwamba rupia iwe shilingi 2 kamili, yaani rupia 10 kwa pauni. Ikatolewa sarafu mpya iitwayo florini, nayo haikudumu. Mwaka 1921 ilifuatwa na shilingi ya Afrika ya Mashariki, mbili kwa florini moja.

Aliyeumia kwanza ni mwenye deni. Setla aliyekopa rupia 1,500 benki zamani alidaiwa pauni 100. Baada ya amri ile deni lile lile likawa pauni 150. Naye alipouza kahawa au katani huko London, kila pauni aliyopata ilimpa rupia 10 badala ya 15. Kisha bei za mazao zikaanguka. Basi katika mwaka 1921 masetla waliafikiana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja.

Hapo ndipo penye hesabu. Twaa mfano wa kijana wa Nyakach aliyekwenda shambani kwa setla kwa mshahara wa rupia 6 kwa mwezi. Kwa kima cha zamani rupia zile zilikuwa shilingi 8. Kwa kima kipya zikawa shilingi 12. Ondoa theluthi moja, zimebaki shilingi 8. Faida yote ya kupanda kwa rupia imekwisha ondolewa mfukoni mwake, naye amerudi pale pale alipokuwa.

Lakini kodi haikurudi ilikotoka. Kodi ya nyumba, iliyokuwa rupia 5, ilipandishwa ikawa rupia 8, na kwa kima kipya rupia 8 ni shilingi 16. Kijana wetu zamani alilipa kodi ya nyumba moja kwa kazi isiyotimiza mwezi. Sasa ilimbidi afanye kazi miezi miwili kamili, bila kula wala kuvaa. Mshahara ulihesabiwa upya ili upungue. Kodi haikuhesabiwa kwa njia hiyo.

Watu wa Nyanza walizijua hesabu hizo. Tarehe 23 Desemba 1921 walikutanika Lundha, katika nchi ya Gem, katika mkutano ulioanzisha chama kilichojulikana kwa jina la Piny Owacho, maana yake "Nchi imesema". Miongoni mwa viongozi wake walikuwa Jonathan Okwiri, Benjamin Owuor na Simeon Nyende, watu waliosoma shule za misheni. Walilalamikia mambo mengi: nchi kufanywa koloni, kipande, kazi za kulazimishwa, na pia kodi na mishahara. Mwaka 1922 Gavana Northey alikuja kuwasikiliza, na kodi ikashushwa ikawa shilingi 12. Hata hivyo ilikuwa bado mshahara wa mwezi mmoja na nusu kwa kijana wa mfano wetu.

Jambo la ajabu ni kwamba huko Bara Hindi rupia ilikwisha anguka tena mwaka 1921 hata ikakaribia kima chake cha zamani. Huku kwetu amri ilikuwa imekwisha pita.

Tangu hapo kima kimebadilika mara nyingi. Shilingi ya Kenya ilitolewa mwaka 1966. Mwaka uliofuata Uingereza ilipopunguza thamani ya pauni, Kenya haikufuata, na pauni ikashuka kutoka shilingi 20 hadi shilingi 17 na senti 14. Januari 2024 dola moja ya Marekani ilifika shilingi 160, na kabla mwaka ule haujaisha ilikuwa imerudi karibu 129.

Mabadiliko kama hayo yatokeapo, haitoshi kuuliza kama fedha yetu imepanda au imeshuka. Yapasa kuuliza mambo matatu: mshahara umehesabiwa kwa kima kipi, deni kwa kima kipi, na kodi kwa kima kipi? Mkulima aliyenunua mbolea dola ilipokuwa juu ana haki ya kuuliza bei yake dola ikiwa chini. Lakini atauliza nini asiyekumbuka alilipa kiasi gani? Mali bila daftari huisha bila habari.